Bidoni ya Koko Namahoro

Baraka, Alhamisi. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka kali, na sasa matope ya barabarani yananuka samaki. Nimeketi ndani ya ofisi, mlango nimeufunga, sitaki kuonekana na mtu yeyote. Simu ina chaji kidogo. Nitaandika mpaka izime.

Nimechoka.

Najua nimeshaandika hivyo hapa mara nyingi, na nyinyi wachache mnaosoma mtasema, Sifa naye, kila siku kuchoka. Lakini kuna kuchoka kwa miguu na kuna kuchoka kwa watu. Leo ni kwa watu, na mimi mwenyewe nimo kati yao.

Kwa waliofika leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuuza tiketi za treni. Hapa Baraka. Ndiyo, Baraka hii hii ya ziwa na pikipiki, ambako hakuna reli hata ya kuanikia nguo. Reli iko Kalemie, kusini huko. Mtu wa huku kwetu Fizi akitaka kwenda Nyunzu au Kabalo anapanda boti hapa bandarini alasiri, anafika Kalemie kesho yake, halafu anapanda treni ya abiria ya kampuni yetu, ile inayosimama karibu kila kijiji. Kampuni yenyewe ni ndogo na jina lake siliandiki, maana bado napenda kula. Waliona abiria wetu wanafika Kalemie na kukuta mabehewa yamejaa, wakaja wakatufungulia chumba kimoja chenye dirisha, na dirishani wakaniweka mimi.

Treni sijawahi kuiona. Naijua kwa kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani, ina picha ya kichwa cha treni cha rangi ya njano kinatoka kwenye majani marefu. Watu wanaoteremka kutoka Lubondja na mihogo yao wananiuliza iko namna gani. Inatikisa? Choo kiko wapi? Mtu akisinzia, itampitisha kijiji chake? Nawajibu bila kusita. Mwanzoni nilikuwa naona aibu. Siku hizi nawaeleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nasikia honi.

Ngoja nieleze na mstari, maana bila mstari hamtanielewa.

Treni yetu haina siku maalumu. Inaondoka ikiwa tayari, na aliye nayo ni Shefu wa Kalemie, bosi wangu, ambaye naye nimemjua kwa sauti tu. Jana jioni alipiga simu: treni itaondoka Jumamosi, Baraka mna nafasi chache, kesho nitakuomba majina. Habari ya namna hiyo haihitaji tangazo. Asubuhi nilipofika kufungua, mstari ulikuwa tayari mbele ya dirisha langu. Ila mstari wetu hauna watu. Una vitu. Nani atasimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya treni ambayo huenda ikaahirishwa? Mtu anaweka kiatu, jiwe, basini iliyotoboka, kigoda, halafu anakwenda zake sokoni au kwa ndugu. Kile kitu kinasimama badala yake. Hakuna anayekiruka wala kukisogeza. Wakati ukifika naita vitu: wa basini ya bluu! Wa kigoda! Mwenyewe anakuja mbio, au jirani anamtajia jina.

Desturi hiyo tumeitoa kwenye bomba la maji, ambako bidoni, madumu yetu ya maji, zimekuwa zikipangwa hivyo hivyo tangu tuko watoto. Na bomba lenyewe liko kando ya ofisi yangu. Maji yakikosekana siku kadhaa, mstari wa bidoni unarefuka, unazunguka kona, unakuja kugusa mstari wa treni. Kwa hiyo sisi wa hapa tuna jambo moja tunalolijua bila kufundishwa na mtu: kwenye mstari wa treni huweki bidoni. Bidoni ni ya maji. Ukiiweka pale, watu watafikiri unangoja maji.

Na jambo lingine. Ukikuta pale bidoni tupu ya mama mzee au ya mama mja mzito, na mwenyewe hayupo, maji yakifika unamjazia. Si lazima umjue. Ukimwacha bila kumjazia, utasemwa mpaka kwenu.

Sasa nirudi kwa leo.

Asubuhi alikuja mama mzee mrefu, mkavu, kitenge amekifunga begani kama wanavyofunga wanawake wa mlimani. Mkononi alikuwa na bidoni ya njano. Aliiweka kwenye mstari baada ya kigoda, akaisogeza kidogo, akaigeuza ili mshikio wake uelekee dirishani, kama vile alitaka nione kwamba imefika. Halafu akaja kwangu.

"Mwanangu, hii njo mustari ya treni?"

"Njo hii, koko."

"Ile ya Nyunzu?"

"Njo ile, koko."

Njo ni ndiyo ya kwetu, na koko ndivyo tunavyomwita bibi, awe wako au wa mwingine. Jina lake Namahoro. Ni wa Bibokoboko, kule juu kwenye ng'ombe, ila tangu vita viharibu mambo huko anaishi hapa mjini, kwa mwanamke mmoja wa kanisa lao. Aliniambia hayo akiwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Binti yake yuko Nyunzu, mume wake anachunga ng'ombe za watu huko. Walikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka wakwe wakaanza kusema maneno. Sasa amezaa. Msichana.

"Hawajamupatia jina," koko aliniambia. "Banangoja miye. Mama yake alinipigia simu, anasema, mama, tunamuita tu mutoto, mutoto. Fanya mbio."

Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa bado sijanywa chai. Nikamwambia boti inaondoka alasiri, kwa hiyo aende akachukue mzigo wake, bidoni itamngojea. Akaenda.

Niliiona ile bidoni. Nilikuwa nimetazamana nayo. Nilipaswa kumwambia, koko, vua kandambili moja uiweke pale, bidoni uiondoe. Ni maneno machache tu. Sikuyasema kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake anagonga dirisha, na kwa sababu nilijiambia atajua mwenyewe. Angejuaje? Kule kwao juu maji yanatoka kwenye chemchemi, kila mtu anachota akifika.

Baada yake alikuja Mama Asende. Huyu ni wa hapa hapa, wa ziwani, mume wake mvuvi, yeye anakausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Ana magunia ya ndagala anataka kuyapeleka Nyunzu, maana msimu huu wa mvua yataoza hapa hapa, anayaanika asubuhi na mchana anayakusanya tena mbio. Aliweka jiwe lake alilolifunga kitambaa chekundu, jiwe ambalo nalijua kama ninavyomjua mwenyewe. Nyuma ya jiwe kikaja kiatu cha kushoto cha Mwalimu Etabo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hutembea mjini na kiatu kimoja na kandambili moja kila treni inapotangazwa, na wanafunzi wake wameacha hata kumcheka.

Halafu maji yakaja.

Lazima uwe umeishi Baraka kuelewa neno hilo. Mtu mmoja alipiga kelele, "Maji imekuja!" na wote waliokuwa karibu wakakimbilia bombani. Nilisikia bidoni zikigongana, wanawake wakiitana, mtu akilia kwamba amekanyagwa. Sikuinua kichwa. Na palepale simu ikalia.

"Sifa, nipe majina sasa," Shefu alisema. "Rezo inakatika huku. Haraka."

Mtandao wa Kalemie ukikatika unaweza kurudi kesho. Nikatoka nje na simu sikioni, nikaanza kuita. Wa basini ya bluu! Nikataja jina. Wa ndala iliyokatika! Nikataja jina. Wa kigoda! Nafasi ilikuwa imebaki moja. Nikatazama kilichofuata kigoda, na kilichofuata kilikuwa jiwe la kitambaa chekundu.

Bidoni haikuwepo.

Palikuwa na alama ya pembe nne kwenye matope pale ilipokuwa imekaa. Niliiona. Niliitazama ile alama, Shefu akiniita sikioni, Sifa, Sifa, uko? Nikajiambia kwamba koko amebadilisha mawazo, ameichukua ameondoka. Nikaita, wa jiwe! Mtu akajibu kutoka bombani kwamba jiwe ni la Mama Asende, yuko kwenye maji. Nikataja Asende. Shefu akasema imejaa, na mtandao ukakatika kabla hajaaga.

Nilijua sijafanya sawa. Nilirudi ndani nikakoroga chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Koko Namahoro alirudi na mfuko wake mdogo wa nguo na chupa ya siagi ya ng'ombe aliyoifunga kwa kitambaa, ya kumpelekea binti yake. Alisimama kwenye mstari. Akatazama chini. Akatazama nyuma ya kigoda, akatazama nyuma ya jiwe, akazunguka ofisi yangu nzima akarudi.

"Bidon yangu iko wapi?"

 Watu walikuwa wamerudi kutoka bombani, wamelowa, wamechangamka. Mmoja huko nyuma, sikumwona uso, alisema kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Angojee treni kule ku mulima." Wengine wakacheka.

Hapo nikajua. Au nilidhani nimejua.

Mimi ni mtu wa hapa, nimezaliwa nyuma ya soko. Nimesikia mambo yanayosemwa juu ya watu wa mlimani, kwamba ni wageni, si wenzetu, na mengine yamesemwa mezani kwetu nikiwa nakula. Siku hizi kitu chao kikipotea hakuna anayeuliza kama kimepotea kwa bahati mbaya. Hasira ikanipanda ghafla, na najua sehemu ya hasira ile ilikuwa ya kujificha mwenyewe, maana jina la koko ni mimi niliyeacha kulitaja. Nikatoka nje nikapiga kelele. Nani amebeba bidoni ya mama wa watu? Mmemtupia wapi? Mnataka nini kwa mzee huyu? Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Na kwa kuwa Mwalimu Etabo alikuwa amesimama karibu, na niliona kama anatabasamu, nikamnyooshea kidole yeye.

"Da Sifa," alisema, "unanijua miye."

Basi.  Nilikuwa nimefungua mdomo niendelee, na ndipo tukasikia sauti ya Mama Asende.

Alikuwa anazunguka kona kutoka bombani, bidoni ya njano kichwani, imejaa mpaka inamwagika, kitenge chake kimelowa mpaka kifuani. Anahema, anacheka, anatuita kabla hajafika.

"Koko! Njo weye nilikuwa natafuta! Nimekujazia maji. Nilisema, huyu mama muzee atasukumana na bale batoto namna gani? Robine ya maji ilikuwa vita leo! Bamenikanyaga mpaka kiatu imebaki kule."

Akaitua ile bidoni mbele ya koko. Akatutazama sote, mmoja mmoja.

"Juu ya nini munaniangalia hivi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nadhani hata yule aliyecheka alitamani. Mtu pekee aliyepata la kusema ni koko mwenyewe, ambaye aliinama akagusa bidoni yake kwa kiganja, akasema, "Aksanti, mwanangu," kwa sababu mtu akikuletea maji huwezi kumwambia kingine.

Ilibidi mimi ndiye nimweleze. Mama Asende alisikiliza, mikono ikapanda polepole mpaka kichwani.

"Bidon ku mustari ya treni? Nani anaweka bidon ku treni?" Akaanza kucheka, halafu akaona uso wa koko, akaacha. "Mungu wangu. Mi nilimuona anaiweka pale anaenda. Nikasema, iko nangoja maji."

Kisha akaniambia, bila kufikiri hata kidogo, kama mtu anayekurudishia kisu chako:

"Futa miye. Andika yeye. Jiwe yangu ilikuwa nyuma ya bidon yake, bantu bote baliona."

"Na ndagala?"

"Ndagala haina mutoto inangoja jina," alisema, lakini alitazama mawinguni aliposema hivyo, na mawingu yalikuwa yanajikusanya tena upande wa ziwa.

Mtandao ukikatika ofisini, wakati mwingine unashikika kwenye ngazi za kanisa, juu kidogo. Nikapanda. Nikapiga mara nyingi mpaka Shefu akashika. Nikamwambia abadilishe jina la mwisho, amtoe Asende amwandike Namahoro.

Nikasikia anapekua karatasi. "Namahoro wa wapi?"

"Wa Bibokoboko."

Akashusha sauti.

"Sifa, sikia. Acha jina ya Asende ibaki. Aende na ile. Ni mama muzee, ku port maaskari hawatamuangalia sana. Ukiandika ile jina ya mulima, maswali itaanza. Watamuketisha pale mpaka treni iende."

Shefu si mtu mbaya. Naye amechoka, nilimsikia. Alikuwa anatafuta njia mzee afike, na mimi niliiona njia hiyo ni nzuri. Nitaandika ukweli: nilifurahi. Niliteremka zile ngazi kwa furaha, kazi imekwisha, kila mtu ametosheka, nikamweleza koko kwamba atasafiri, ila akifika Kalemie aitike jina la Asende, siku hizo mbili tu.

Alikuwa amekaa juu ya bidoni yake iliyojaa, mfuko magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mi naenda kumupatia mutoto jina. Nifike pale na jina ya kuazima? Nitamupatia nini?"

Akaufunga vizuri mfuko wake pale magotini.

"Andika Namahoro. Ao uache, mi nitabaki."

Hakupandisha sauti. Hakuwa na hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niligundua kwamba hii si mara ya kwanza mtu kumshauri hivyo. Amezoea. Ana jibu lake tayari, amelitumia kwenye vizuizi vingine mbele ya watu wengine, na leo amenipa na mimi.

Mama Asende alikunja mikono. "Na miye sipande," alisema. "Jina yangu ibaki hapa na miye."

Kwa hiyo tukabaki hivyo, wanawake watatu na nafasi moja. Watu wakitutazama. Aliyesema kwanza ni Mwalimu Etabo, niliyemnyooshea kidole muda si mrefu uliopita. Alikuwa ameshachukua kiatu chake kwenye mstari, amekivaa.

"Da Sifa, boti itaondoka," alisema tu.

Nikapanda ngazi tena. Magoti yalikuwa yanauma, na nilikuwa naogopa. Shefu anaweza kunifungia hili dirisha kwa neno moja, na nikifungiwa sijui nitafanya nini, dada yangu na watoto wake wanakula kwangu. Alipopokea sikumwacha aanze. Nilimwambia maswali ya bandarini ni ya koko kuyajibu, ameyajibu maisha yake yote. Kazi yetu ni kuandika jina la anayepanda.

"Na bakimurudisha?" aliuliza.

Nilimtazama koko kule chini. Halafu nikasema, "Bakimurudisha, atarudi Namahoro."

Nilisikia anavuta pumzi. Nikafikiri amekata simu. Halafu akasema nimtajie tena, herufi kwa herufi, polepole. Nikamtajia kwa sauti kubwa pale ngazini, kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya na kwa sababu nilitaka wale wa chini wasikie, N, A, M, mpaka mwisho. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na pikipiki alisimama kunitazama. 

Mwalimu Etabo alibeba mfuko wa koko mpaka bandarini. Chupa ya siagi koko hakumpa mtu, aliishika mwenyewe. Lakini kabla hawajaondoka aliitazama ile bidoni, kwa maana huwezi kupanda boti na maji ya kuoga. Nikadhani atamwachia Mama Asende apeleke nyumbani. Badala yake alimwomba wasaidiane, wakaiinua wote wawili, wakaiweka mbele kabisa ya dirisha langu, na jiwe la kitambaa chekundu nyuma yake, vimegusana.

"Ibaki ku mustari," koko alisema. "Treni ingine ikikuja, huyu mwanangu awe wa kwanza."

"Koko, tena bidon?" Mama Asende alilalamika.

"Hii imejaa," koko akajibu. "Nani ataibeba ku robine?"

Tulicheka. Hata mimi, pamoja na magoti yangu. Mama Asende alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu koko akaenda na Mwalimu, akitembea katikati ya barabara bila kuharakisha, na Mama Asende akakimbilia ndagala zake kwa sababu tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka.

Nilitazama boti ikitoka nikiwa hapa mlangoni. Sikuweza kumtofautisha na wengine.

Sasa jua linazama nyuma ya milima yao. Mvua ilipita haraka, haikunyesha sana, labda ndagala zimepona. Mwalimu bado sijamwomba msamaha. Alirudi kutoka bandarini akapita hapa mbele, akanipungia mkono kama kawaida, na mimi nikajifanya napanga karatasi. Kesho nitakwenda shuleni kwake. Nikiandika hapa, labda nitaona aibu kutokwenda.

Nje kuna jiwe moja na bidoni moja ya maji. Hakuna treni iliyotangazwa. Nadhani ni mara ya kwanza naona mstari wa treni ambayo hata Shefu haijui.

Najiuliza kama nimemsaidia au nimempeleka matatani. Ningeacha jina la Asende, huenda angepita bila mtu kumtazama, na Jumapili mtoto angekuwa na jina. Sasa hivi yuko ziwani, giza linaingia, na jina lake mwenyewe, na mbele yake kuna watu wa kuuliza maswali, na mimi niko hapa na kalenda. Ningekuwa na nguvu kidogo zaidi ningesema nimefanya sawa. Leo sina.

Kila asubuhi nikifungua napiga Kalemie, na swali langu ni lilelile: treni ipo? Miaka yote hii sijawahi kumwuliza Shefu habari ya mtu.

Kesho swali la treni nitaliacha. Nitapanda ngazi za kanisa mapema, nimwambie, kuna mama mzee ametoka Baraka, mrefu, mkavu, ameshika chupa ya siagi. Mmemwita jina gani?